Neno Kazi na Hesabu ya Wasio na Kazi Unguja na Pemba

Kibarua, kwa asili, ni barua ndogo: cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku ili apate ujira wake. Baadaye jina likamshika mtu mwenyewe. Yafaa tulikumbuke hilo tusomapo hesabu za wasio na kazi visiwani, maana karafuu hazichumwi mwaka mzima, na mchumaji amezoea kulipwa kwa pishi. Msimu ukiisha husema, “Sina kazi,” ilhali yumo kondeni akilima muhogo. Wala hasemi uwongo: kazi kwake ni ile yenye ujira, kulima ni shughuli.

Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1982 ilitaka asiye na kazi awe tayari kufanya kazi, tena awe anaitafuta. Huyu haitafuti, angoja karafuu zikomae. Kanuni ya 2013 nayo ikamtoa katika wenye kazi mkulima wa chakula cha nyumbani tu, bali mwanamke wa Paje auzaye mwani, kilimo kilichoanza mwaka 1989, yumo. Naona basi mwenye kutunga maswali asiulize, “Una kazi?” Aulize, “Juma lililopita ulifanya nini, ukapata nini?”