Mbwa Akinusa Tu, Fedha Zako Kwisha!

Haya, wewe unayeringa na dola yako moja ya bahati, ile uliyoachiwa na mjomba alipokuja likizo toka mamtoni ukaikunja kwenye pochi mpaka leo. Itoe uitazame vizuri. Inawezekana kabisa noti hiyo imeshalala na kokeini, tena si mara moja. Usimkimbilie mjomba kumshutumu, maana hata dola inayotumbukizwa kwenye kapu la sadaka kanisani kwao huenda iko hivyo hivyo.

Sitanii. Mwaka 2009 mkemia mmoja, Yuegang Zuo wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth, alitangaza matokeo ya kupima noti 234 kutoka miji mbalimbali ya Marekani. Karibu noti tisa katika kila kumi zilikuwa na chembe za kokeini. Washington, pale pale zinapotungwa sheria za kupambana na unga, zilifika asilimia 95! Kanada walipata 85, Brazili 80. China na Japani ndio walioonekana wastaarabu kidogo, asilimia 20 na 12.

Unga unaingiaje kwenye noti? Wapo wanaoiviringisha wakaifanya mrija wa kuvutia puani. Muuzaji naye anahesabu mauzo kwa vidole vile vile alivyofungia mzigo. Lakini hao ni wachache kulinganisha na noti zote zilizoko mitaani. Mchezo wenyewe uko benki. Noti moja chafu ikipita kwenye mashine ya kuhesabia inazipaka nyingine, nazo zinakwenda kuzipaka nyingine, mpaka mwisho bibi kizee anayekwenda kuchukua pensheni yake anatoka na unga mkobani. Halafu dola si karatasi ya daftari. Ni pamba robo tatu na kitani robo, ina nyuzinyuzi, na chembe zikishajichomeka humo hazitoki kwa kukung'utwa. Kiasi chenyewe ni kiduchu mno. Noti iliyokuwa chafu kupita zote katika kipimo cha Zuo ilikuwa na miligramu moja na robo hivi. Ukiitafuna nzima utaumwa tumbo, kulewa hulewi.

Miami waliligundua hili zamani. Mwaka 1985 gazeti la Miami Herald liliwaomba vigogo 11 wa mji ule watoe noti moja moja zikapimwe. Kumi zilikutwa na kokeini! Miongoni mwa walioombwa noti alikuwamo Janet Reno, mwendesha mashitaka mkuu wa eneo lile, ambaye baadaye alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani nzima chini ya Clinton.

Kama habari ingeishia hapo tungecheka tukaenda zetu kunywa kahawa. Tatizo ni kwamba chembe hizo hizo, zilizomo kwenye pochi ya kila mtu, zimetumika miaka na miaka kama ushahidi wa kumpokonya mtu fedha zake.

Sikiliza kisa cha Nashville. Februari 1991, bwana mmoja mweusi mwenye biashara ndogo ya kutengeneza bustani za watu alifika uwanja wa ndege wa mji huo. Safari yake ilikuwa Houston, kununua miche. Alibeba dola 9,600 taslimu kwa sababu wauza miche hawapendi cheki ya mtu wasiyemjua. Tiketi nayo akailipia taslimu, na hapo ndipo alipojichongea. Mtu wa tiketi akawatonya askari. Wakamfuata, wakampekua, hawakukuta unga, bangi wala kisu. Akaletwa mbwa kunusa fedha, mbwa akatoa ishara kwamba zina harufu ya madawa. Basi, imekwisha. Wakamwambia yeye yuko huru aende zake. Zinazobaki ni fedha!

Naomba uirudie sentensi hiyo taratibu. Mtu hana kosa, anaachiwa. Fedha zina kosa, zinatiwa ndani. Risiti aliyopewa iliandikwa kwamba ni kiasi cha fedha kisichojulikana. Alipotaka kuzidai, sheria ya wakati ule ilimtaka kwanza aweke dhamana ya asilimia kumi, yaani dola 960. Azitoe wapi, na mtaji wote umechukuliwa? Ilibidi afungue kesi, na mwaka 1993 jaji wa shirikisho akaamuru arudishiwe zake zote. Ni miaka miwili hiyo. Wewe mwenye kibanda cha simu au duka la mitumba, jiulize ungekuwa wapi baada ya miaka miwili bila mtaji.

Kiini macho cha sheria yao ni hiki: mshitakiwa si mtu, ni mali. Hata majina ya kesi yanachekesha. Kuna "Marekani dhidi ya Dola 30,060". Kuna "Marekani dhidi ya Dola 124,700". Dola haiwezi kula kiapo wala kujitetea. Mwenye dola naye, kwa kuwa kesi ni ya madai na si ya jinai, kwa kawaida hapewi wakili wa bure. Na wakili wa kukodi, kama unadai dola 2,000, anaweza kukugharimu kuliko hizo unazozidai. Ndiyo maana wengi hunyamaza, wakasamehe, wakalia chumbani kwao.

Mtindo huu ulitokea baharini. Zamani meli ya magendo ikikamatwa bandarini, mwenyewe yuko ng'ambo na hakamatiki, basi serikali ilikamata meli. Kwa meli mimi sina ugomvi. Lakini mtu anayesimama mbele yako na kitambulisho mkononi, akikueleza anatoka wapi na anakwenda wapi, yuko ng'ambo gani huyo?

Tena usidhani ni unga tu. Detroit, mama mmoja alinunua gari kuukuu aina ya Pontiac la mwaka 1977 kwa kushirikiana na mumewe, kwa dola 600. Mume akaenda nalo kujistarehesha na changudoa, akanaswa humo humo ndani ya gari. Gari likachukuliwa. Mama wa watu, ambaye hakuwa na habari, akapigania sehemu yake mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1996 majaji watano dhidi ya wanne wakasema serikali haikukosea. Yaani kaaibishwa na mume, kisha gari nalo limekwenda!

Sasa kwa nini askari wachangamkie hivyo? Mshiko, ndugu yangu. Tangu mwaka 1984 Bunge la Marekani liliruhusu fedha zinazokamatwa ziingie kwenye mfuko wa vyombo vya sheria vyenyewe, na polisi wa mitaa wakishirikiana na serikali ya shirikisho wanaweza kupewa mpaka asilimia 80 ya kilichopatikana. Mwamuzi wa mpira analipwa kwa kila penalti anayotoa. Unategemea zitakuwa penalti ngapi?

Na si senti za karanga. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria yao alitoa ripoti kuwa katika miaka kumi hivi, DEA, ile idara inayopambana na madawa ya kulevya, ilikamata taslimu zaidi ya dola bilioni 4. Katika hizo, dola bilioni 3.2 zilitaifishwa ofisini tu kwa makaratasi, bila kufika kwa jaji. Mkaguzi akachambua matukio 100 ambamo fedha zilikamatwa bila hati ya mahakama na bila madawa kuonekana. Ni 44 tu yaliyoweza kuthibitika kuwa na uhusiano na upelelezi wowote wa jinai.

Turudi kwa mbwa wetu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya upande wa magharibi, katika kesi ya zile dola 30,060, iliambiwa kwamba zaidi ya robo tatu ya noti za Los Angeles zina mabaki ya madawa. Majaji wakasema kama ni hivyo, mbwa kubweka hakuthibitishi kitu. Vijana wengi walishangilia. Kumbe mapema mno!

Wataalamu wa upande wa pili, wakiongozwa na Kenneth Furton wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida, walikuja na hoja nzito. Walisema mbwa hanusi kokeini yenyewe. Ananusa methili benzoeti, kemikali inayotoka kwenye kokeini na kuyeyukia hewani upesi. Kwa hiyo noti iliyoshika unga mwaka jana haimshtui mbwa. Anayemshtua ni kitita kilichokaa na mzigo juzi juzi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya kule Chicago ilikubaliana nao, na mbwa akarudishiwa heshima yake.

Mimi sayansi hiyo siibezi. Inawezekana ni kweli kabisa. Lakini hata tukiikubali, mbwa ametuambia noti zimekutana na unga karibuni. Hajatuambia zilikutana zikiwa mikononi mwa nani. Mtu anaweza kuuza gari lake kihalali asubuhi, aliyelinunua akawa ndiye muuza unga, na jioni mbwa akamkuta muuza gari na kitita.

Kesi ya dola 124,700 ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 2003 dereva mmoja alisimamishwa Nebraska kwa mwendo kasi, akiwa na gari la kukodi. Fedha zilikutwa zimefungwa ndani ya kasha la kubebea vinywaji baridi. Kwanza alikana kuwa na fedha, na hapo nasema wazi alijiharibia mwenyewe. Baadaye akaeleza kuwa yeye na wenzake walichangishana wakanunue lori la friji Chicago, akakuta limeshauzwa, akawa anarudi nazo. Mbwa akatoa ishara. Madawa hayakuonekana hata chembe ya kushika mkononi, na hakushitakiwa kwa unga. Jaji wa kwanza alimwamini. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ikageuza hukumu kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, fedha zikaenda. Yule mmoja aliyepinga aliwakumbusha wenzake habari hii hii ya noti kujaa mabaki ya unga.

Msije mkanielewa vibaya. Wauza unga sina huruma nao hata kidogo; Kinondoni na Mombasa tumezika vijana wa kutosha. Mwenye jumba la unga anyang'anywe jumba, ila kwanza aonyeshwe kosa lake.

Wamarekani wenyewe wameanza kushtuka, ingawa kwa mwendo wa kinyonga. Sheria ya mwaka 2000 iliondoa ile dhamana ya asilimia kumi na kuihamishia serikali mzigo wa kuthibitisha, ijapokuwa si kwa uzito wa kesi ya jinai. Mwaka 2015 jimbo la New Mexico lilifuta kabisa utaifishaji bila mtu kutiwa hatiani, Nebraska wakafuata 2016, Maine 2021. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliyabana majimbo katika kesi ya kijana wa Indiana aliyechukuliwa Land Rover ya dola 42,000 wakati faini kubwa kuliko zote kwa kosa lake ilikuwa dola 10,000. Halafu mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo, sita kwa tatu, ikasema mwenye gari lililokamatwa hana haki ya kusikilizwa haraka kabla ya kesi yenyewe. Mbele moja, nyuma moja, kama kwaito.

Na sisi tusijifanye watazamaji. Jirani zetu Kenya wana sheria ya mwaka 2009 ya mali ya uhalifu na utakatishaji fedha. Kwa sheria hiyo mali inaweza kutaifishwa kwa kesi ya madai, mwenyewe akiwa hajatiwa hatiani kwa lolote. Tofauti ni kwamba kule ni lazima jaji wa Mahakama Kuu aamue.

Kwa wewe mwenye binamu Houston na viza mkononi, ya kukumbuka ni machache. Ukiingia au kutoka Marekani na zaidi ya dola 10,000, yatangaze kwenye fomu yao. Hutozwi hata senti kwa kutangaza. Asiyetangaza ndiye anayepokonywa. Tembea na karatasi ya benki au ya mauziano. Wakichukua, watakutumia barua yenye siku ya mwisho ya kudai, na siku hiyo ikipita fedha si zako tena. Na barabarani, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema askari akishamaliza shughuli ya kosa lako la barabarani hana ruhusa ya kukuweka umsubiri mbwa, mpaka awe na sababu ya maana ya kukushuku. Kesi hiyo nayo ilitoka barabara kuu ya Nebraska, na mbwa alisubiriwa dakika saba au nane tu.