Mkisii na Ukaidi wa Vitenzi vya Kihispania

Klabu ya soka ya Shabana ikiwa nyumbani Gusii Stadium, mjini Kisii, uwanja mzima hunguruma maneno mawili: Tore Bobe. Tangu timu hiyo irudi Ligi Kuu mwaka 2023, hata shabiki wa Gor Mahia anayajua, na anajua kwamba maana yake ni "sisi ni wabaya", wabaya wa kimichezo, wasiochezewa. Lisilosemwa sana ni kwamba neno la kwanza ni kitenzi kilichokwisha kubadilishwa kwa nafsi. Tore ni tuko. Uko ni ore, wako ni bare. Ila niko si "inre", ni inde. Ile n ya nafsi ya kwanza ikigongana na r, Ekegusii, lugha ya Wakisii, huigeuza r kuwa d, na hakuna mtoto wa Nyamira aliyewahi kulia darasani kwa sababu hiyo.

Nimeanza huko makusudi. Vijana wa Kisii na Nyamira wanaojifunza Kihispania kwa simu hukwama mahali pale pale: majedwali ya vitenzi vya wakati uliopo. Husema lugha hii ina ukaidi. Nadhani wanaogopa kitu walichokizoea tangu utotoni.

Shuleni hawakukikuta Kihispania. Mtihani wa KCSE umekuwa na Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, chenyewe hakimo. Kinawafuata kwa njia nyingine. Minnesota, hasa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, imejaa Wakisii, na wengi wao wanafanya kazi ya uuguzi au ya kutunza wazee. Mwenye ndugu Marekani huambiwa mapema kwamba Kiingereza pekee hakimalizi kazi, hasa akiangukia Texas au California. Si kwamba Mkisii na Kihispania wanakutana leo kwa mara ya kwanza: dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Mkisii, Naftali Temu, mwaka 1968, katika mita 10,000, jijini Mexico.

Sasa tuingie jikoni. Vitenzi vya Kihispania vina mafungu matatu, kulingana na mwisho wake: -ar, -er na -ir. Hablar ni kusema, comer ni kula, vivir ni kuishi. Unakata mwisho huo, unapachika mwingine unaotaja nafsi: hablo, nasema, hablas, wasema, habla, asema, hablamos, twasema, hablan, wasema wao. Como, comes, come, comemos, comen. Vivo, vives, vive, vivimos, viven. Kazi ambayo Kiswahili huifanya mwanzoni mwa kitenzi, kwa ni-, u-, a-, tu-, wa-, Kihispania huifanya mkiani. Basi. Hapa tuna bahati kuliko Mwingereza, ambaye lazima aambiwe mara mia aache kurundika "yo" mbele ya kila hablo. Anayesema "nasema" bila "mimi" haelezwi chochote.

Nafsi iliyobaki, "ninyi", ina mwisho wake Uhispania: habláis, coméis, vivís. Amerika ya Kilatini hawaitumii. Wao husema ustedes na kitenzi cha "wao", kwa hiyo anayeelekea Marekani aache kujitesa nayo kwa sasa.

Balaa linaanza na vitenzi visivyofuata kanuni, na hapa ndipo walimu wengi wa mtandaoni hukosea: hutoa orodha ndefu ya kukariri, kana kwamba kila kitenzi kiliasi peke yake. Vingi havikuasi. Chukua poder, kuweza. Puedo, puedes, puede, kisha podemos, halafu pueden. Kwa nini "sisi" wamebaki na o? Sikiliza mkazo. Katika puedo sauti inakazwa kwenye mzizi, na o ya Kilatini ilipokazwa hapo iligeuka ue. Katika podemos mkazo umehamia kwenye -de-, mzizi umepumzika, na o imebaki o. Querer, kutaka, hufanya vivyo hivyo kwa e: quiero, lakini queremos. Ukishaisikia, jedwali zima unaweza kulirudisha kabatini.

Mkisii wa Keroka ana kanuni ya namna hii kinywani bila habari. Kuchimba kwa Ekegusii ni korema, kuona ni korora, kwenda ni kogenda. Lakini kusoma ni gosoma, na kusema ni goteba. Kiambishi ni kimoja; k yake hulainika kuwa g pale silabi inayofuata inapoanza na sauti kavu kama s au t. Ndiyo maana lugha ni Ekegusii, lakini kitabu ni egetabu. Wataalamu huiita Sheria ya Dahl, kwa jina la mmishonari Edmund Dahl aliyekuwa Unyamwezi, na ndiyo hiyo hiyo inayowafanya Wakikuyu waandike Gĩkũyũ kwa g mwanzoni.

Kuna kundi lingine ambalo ukaidi wake umejificha kwa "mimi" peke yake, kama inde yetu: hago, nafanya, pongo, naweka, salgo, natoka. Digo, nasema, na tengo, ninacho, vina g hiyo hiyo, ila hubadilisha pia irabu ya mzizi katika nafsi nyingine. Sababu si ile ya inde, ila mahali pa kuchunga ni pale pale.

Vinavyobaki ni vikaidi vya kweli. Ir, kwenda: voy, vas, va, vamos, van, wala hakuna kinachofanana na ir. Ser, kuwa: soy, eres, es, somos, son. Hivi vikariri tu, na vikariri kwanza, maana ndivyo vitakavyokutoka kinywani kila dakika. Kinachosemwa mno ndicho kinachopata ruhusa ya kubaki na umbo la ajabu. Kiswahili nacho humwita mtu "njoo" badala ya "ja", na Ekegusii humwita "inchwo".

Zaidi ya ser kuna estar: estoy, estás, está, estamos, están. Ser ni "ni", estar huelekea "niko", hali au mahali. Shabiki wa Shabana akitaka kutafsiri Tore Bobe huko Madrid aseme somos malos. Akisema estamos malos, watamuuliza kama ameshamwona daktari.

Jambo la mwisho, kwa wanaokwenda kutunza wazee. Tú, yaani "wewe", na hablas yake, ni ya rika. Mzee hupewa usted, na usted huchukua kitenzi cha "yeye": ¿Cómo está usted?, u hali gani, ¿Quiere agua?, unataka maji. Ukimtazama babu wa mtu machoni unamzungumzia kama vile hayupo. Mgonjwa wa kutoka El Salvador au Honduras huenda akakujibu kwa vos, namna nyingine ya "wewe": tenés badala ya tienes, podés badala ya puedes. Hapo mkazo umeondoka kwenye mzizi, na ie na ue zimetoweka tena.