Gari inavuta upande mmoja? Kagua haya kabla ya kulipia alaimenti

Una Corolla, Carina au IST ya miaka mingi. Ukitoka Tabora na kushika lami ya Nzega, gari inataka kwenda pembeni yenyewe. Au tairi ulizofunga juzi zimeanza kulika upande wa ndani. Wengi wakifika gereji wanasema neno moja tu: "Fundi, nifanyie alaimenti."

Shida ni kwamba alaimenti inapanga mwelekeo wa tairi, haiponyi kifaa kilichochoka. Kama bushi imepasuka au bolijointi imelegea, tairi zitanyooka pale gereji, halafu ukipita mashimo ya mitaa ya Ng'ambo baada ya mvua, mambo yanarudi palepale. Hela imeenda, hatari imebaki.

Fuata mpangilio huu.

1. Anza na upepo

Pima kabla gari haijatembea. Kiwango kipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani mara nyingi yameandikwa kwa kPa: 220 kPa ni kama PSI 32. Tairi ya mbele yenye upepo mdogo huvuta gari upande wake.

2. Tofautisha tatizo

Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatiririke. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari kwenda kushoto taratibu ukiachia usukani kidogo ni kawaida. Jaribu sehemu tambarare.

Bado inavuta? Kama tairi hazina mshale wa mzunguko, hamisha za mbele: ya kushoto iende kulia. Gari ikianza kuvuta upande mwingine, ubovu ni wa tairi.

Inavuta ukikanyaga breki tu? Kagua breki. Usukani unatetemeka ukifika spidi 80 hadi 100? Mara nyingi hiyo ni balansi.

3. Soma tairi

- Imelika katikati: upepo umezidi.
- Imelika kingo zote mbili: upepo mdogo.
- Imelika upande mmoja tu: mwelekeo umeharibika, au tairi imelala.
- Pitisha kiganja kutoka ndani kwenda nje, kisha rudisha. Ukisikia laini upande mmoja na makali upande mwingine, tairi za mbele hazielekei sawa.
- Ina mabonde mabonde: shuku shokapu au balansi.

4. Tikisa

Simamisha gari sehemu tambarare, weka vigingi kwenye tairi za nyuma, nyanyua mbele kwa jeki na uweke stendi. Usiingie kabisa chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake.

Shika tairi kushoto na kulia, itikise. Ikicheza, angalia tairodi.

Shika juu na chini. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, shuku bolijointi.

Hapa usifanye mzaha. Bolijointi ikichomoka safarini, tairi inalala na usukani haukusikilizi tena. Ukiikuta imelegea, gari isitembee hadi ibadilishwe.

Bushi za mkono wa chini nazo zikaguliwe kwa tochi. Mpira ukipasuka, gari hubadilisha mwelekeo ukikanyaga mafuta na ukiachia, na hugonga ukipita kwenye matuta.

5. Pima kimo

Chukua futi, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti kubwa inaonyesha springi imechoka au imekatika.

6. Sasa ndiyo alaimenti

Kwenye Toyota nyingi ndogo za aina hii, fundi anarekebisha kwa kuzungusha tairodi tu. Kulala kwa tairi hakuondoki kwa njia hiyo. Kwa hiyo kama upande mmoja umelala kuliko mwingine, tafuta kilichopinda: shokapu, mkono wa chini au hab. Kama gereji ina mashine, omba vipimo vya kabla na baada.

Hakuna mashine karibu? Nyoosha usukani, weka alama ya chaki katikati ya kila tairi ya mbele, upande wa nyuma, usawa wa katikati ya rimu. Pima umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele hadi alama zije upande wa mbele kwa usawa uleule, pima tena. Kwa gari ndogo nyingi tofauti inatakiwa iwe milimita chache tu. Ukikuta sentimita nzima, umeshajua tairi zako zinaliwa na nini.

Ukimaliza, jaribu gari barabarani. Ikienda wima lakini usukani umekaa kombo, mrudishie fundi aisawazishe tairodi pande zote mbili.