Fahamu: Ada ya daktari bingwa mgonjwa anaporudi kliniki

Ada ya kumwona daktari ni malipo ya utaalamu wenyewe, yaani kusikiliza, kupima na kuamua, nayo haijumuishi dawa wala vipimo vya maabara. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anayetoka Magole, wilayani Kilosa, kwa rufaa ya kwenda kwa bingwa mjini Morogoro, anaweza kuikuta katika ankara hata siku aliyorudi kuonesha majibu tu, huku nauli ya basi, ambayo huenda ikawa ndiyo mzigo wake mkubwa zaidi, haimo katika fomu yoyote.

Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, hailipi ada hiyo dirishani, bali husaini fomu ya madai ambayo kituo huitumia kudai fedha kwa Mfuko, hivyo anayesaini kabla haijajazwa huwa amethibitisha huduma asiyoijua. Viwango hutofautiana kwa daktari wa kawaida, bingwa na bingwa bobezi, na kitita kipya cha mafao cha Mfuko kilichoanza Machi 1, 2024 kilizua mvutano uliofanya hospitali binafsi kadhaa zisitishe huduma kwa wanachama.

Utata uko katika kuamua nani ahesabiwe mgonjwa wa marudio na alipiwe ada gani. Kwa kulinganisha, nchini Marekani huyu ni yule aliyeonwa na daktari wa fani ileile, katika kundi lilelile la madaktari, ndani ya miaka 3; na tangu 2010 bima ya serikali ya wazee, Medicare, haitambui tena ada ya pekee ya ushauri wa bingwa, bali huulipia kama hudhurio la kawaida.