Maonyo ya CLS mu C#: usizime taa bila kujua juu ya nini inawaka

Bandugu, tuseme unaandika programu ya C# ya kufuata pampu za pale Kingamyambo, kwenye mabaki ya zamani ya madini yanayochimbwa tena juu ya shaba na kobalti iliyobakia ndani. Pampu zinaongea na kompyuta kwa Modbus, namna ya mashine kuongea iliyotolewa na Modicon mu 1979. Kodi yote hauiandike wewe: unachukua maktaba iliyo tayari, NModbus. Unakompaili, programu inapita, lakini kuko maonyo: CS3001, CS3002. Yanasema aina fulani ya data haifuati CLS.

CLS njo nini? Mu .NET kuko lugha mingi: C#, F#, Visual Basic. CLS ni kanuni ambazo lugha zote hizo zinaweza kuelewana kwazo. Ni kama sisi Kolwezi: nyumbani mutu anasema Kichokwe, Kisanga ao Kilunda, lakini sokoni tunakutana paka mu Kiswahili. Kompaila nayo haiangalii nyumbani. Inaangalia paka sokoni, ni kusema vile ulivyoandika public ao protected. Tena inaangalia tu kama muradi umeahidi kwa [assembly: CLSCompliant(true)].

Rejista ya Modbus iko na biti 16, toka 0 mpaka 65.535. NModbus inairudisha kama ushort, na ushort haimo mu CLS. Visual Basic yenyewe ilipata aina hiyo paka mu 2005. Kuko sababu ingine pia: maktaba ambayo haikutangaza CLSCompliant, aina zake zote zinahesabiwa kuwa nje ya kanuni, hata kama hazina ushort.

Utafanya nini?

1. Ficha. Kama hakuna programu ingine inayohitaji hiyo metodi, iandike internal. Onyo linaisha.

2. Geuza mulangoni. Soma ushort ndani, toa int inje. Usitoe short! Namba 40.000 ukiilazimisha kuingia mu short inakuwa -25.536, na kwa kawaida C# hailalamike. Onyo limeisha, lakini mutu wa zamu ya usiku anaona pampu iko na presha chini ya sifuri. Atazima mashine nzima, ao ataacha kuamini ekrani. Yote mbili ni mubaya.

3. Kama aina ni ya maktaba yenyewe, tengeneza klasi yako inayoibeba ndani. Wengine wanaona paka klasi yako, na siku mukibadilisha maktaba, kodi yao haivunjike.

4. Sema wazi. Kama ushort lazima ionekane, weka [CLSCompliant(false)] juu ya metodi hiyo peke yake. Mwenye kusoma atajua.

Na kama kodi itatumiwa paka na C# ya kwenu, unaweza kuondoa ahadi ya muradi. Hiyo si zambi. Kibaya ni kuacha ahadi na kuzima maonyo yote kwa pragma: unaambia watu wanaweza kuingia, kumbe mulango umefungwa.

Wewe muradi wako umeahidi nini? Fungua uangalie, kisha utuambie hapa chini.