Joto la Pamoja, Mteja Peke Yake

Mkazi wa London asiyeridhika na kampuni inayomuuzia umeme huihama. Anajaza fomu, na baada ya siku chache ni mteja wa kampuni nyingine, ilhali nyaya ukutani ni zilezile. Jirani yake anayekaa kwenye jengo lenye mtandao wa joto hana njia hiyo. Maji ya moto yanayompashia nyumba, pamoja na yale ya kuogea, hutoka kwenye boila moja kubwa ya jengo zima au ya mtaa mzima. Mwenye boila ndiye mwenye mabomba, na ndiye anayeandika bili. Mara nyingi mkataba ulishafungwa kati ya mjenzi na kampuni ya joto hata kabla mkazi hajakabidhiwa ufunguo, tena kwa muda wa miaka mingi. Akiikataa bei, hana pa kwenda kununua kwingine.

Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilipolichunguza soko hili mwaka 2018 ilikuta mitandao ipatayo 14,000 na kaya zinazokaribia nusu milioni. Ilikiri kwamba wengi walikuwa wakilipa bei sawa na ya gesi, au hata chini yake. Lakini ilikuta pia wachache waliokuwa wakilipa zaidi kwa huduma mbovu, bila pa kulalamikia, wengine bila hata kujua kabla ya kuhamia kwamba joto lao lingetoka kwenye mtandao wa aina hiyo. Ilishauri pawepo mdhibiti mwenye meno. Kabla ya hapo ulinzi ulitegemea mpango wa hiari ulioanza mwaka 2015, Heat Trust, ambao kampuni hujiunga ikipenda. Tatizo la mpango wa hiari linaonekana bila darubini: anayejiunga ni yule aliyekwishaamua kutenda haki, na mteja wa yule mwingine hubaki alipokuwa.

Ushauri ule ulikaa miaka mitano kabla ya kuwa sheria, na katikati ya miaka hiyo Urusi iliivamia Ukraine na bei ya gesi ikapaa. Uingereza ilikuwa na ukomo wa bei ya nishati tangu Januari 2019, unaosimamiwa na mdhibiti, Ofgem. Ukomo huo humlinda mwenye nyumba anayenunua gesi moja kwa moja. Boila ya jengo, kwa hesabu za kisheria, hununua gesi kama mfanyabiashara, na mfanyabiashara hana ukomo. Kwa hiyo gesi iliyompikia mtu chai ililindwa, na gesi iliyompasha joto bibi wa miaka themanini kwenye fleti ya shirika la nyumba haikulindwa. Wapo walioona bili zao zikipanda mara kadhaa kwa mkupuo mmoja. Serikali ilileta nafuu mwishoni mwa 2022, na ikabidi itunge kanuni za kuwalazimisha wauza joto kuipitisha nafuu hiyo hadi kwa mteja. Kanuni ya namna hiyo haihitajiki pale ambapo watu wanaaminiana.

Sheria ya Nishati ilipitishwa Oktoba 2023 ikampa Ofgem kazi ya kudhibiti mitandao ya joto ya England, Scotland na Wales. Kuanzia Aprili 2025 mteja alipata mahali pa kupeleka malalamiko, na tarehe 27 Januari 2026 udhibiti wenyewe ukaanza. Sasa mwendeshaji anatakiwa kutoza bei ya haki, kutoa bili inayosomeka, kuwatunza wagonjwa na wazee, na kujiandikisha kwa mdhibiti ndani ya mwaka mmoja. Wasomaji wetu wanaoishi huko, au wenye ndugu kwenye majengo hayo, washike jambo moja: lalamiko liandikwe kwanza kwa anayekuuzia joto, na nakala itunzwe. Wiki nane zikipita bila suluhisho, lipelekwe kwa Energy Ombudsman, ambaye hamtozi mteja hata senti. Ushauri wa bure hutolewa na Citizens Advice.

Ukomo wa bei, hata hivyo, bado haupo. Mdhibiti atalinganisha bei na kumhoji anayezidisha. Ni hatua, na naipokea kwa moyo. Ila bei ya joto haiundwi na tamaa peke yake. Sehemu kubwa huundwa na fundi aliyefunga mabomba vibaya. Maji ya moto huzunguka jengoni usiku na mchana, majira yote ya mwaka, na kila mita ya bomba lisilofunikwa vizuri inavujisha joto. Mtandao mbovu kabisa unaweza kupoteza hata nusu ya joto lake kabla halijafika mlangoni kwa mteja. Ingia kwenye majengo kama hayo mwezi Julai utakuta korido zina fukuto, watu wamefungua madirisha, na joto lile lote linaandikwa kwenye bili zao kama tozo ya kudumu. Mpangaji anayezima hita yake ili abane matumizi bado analipia uzembe wa mjenzi aliyekwisha kuondoka. Ndiyo maana viwango vya kiufundi vinavyoandaliwa sasa vina uzito kuliko vifungu vyote vya bili. Bili iliyoandikwa kwa ufasaha haizibi bomba.

Denmark iliyaona haya mapema. Joto la pamoja ni la zamani huko: mwaka 1903 Frederiksberg ilianza kuchoma taka na kuipasha joto hospitali yake. Kilichoibadilisha nchi ni mgogoro wa mafuta wa 1973, uliowakuta Wadenmark wakitegemea mafuta kutoka nje kwa takribani nishati yao yote. Mwaka 1979 wakatunga sheria ya usambazaji wa joto yenye kanuni moja nzito: muuza joto hatengenezi faida. Anatoza gharama halali tu, na bei yake huiwasilisha kwa mdhibiti ambako raia yeyote anaweza kuisoma. Mitandao mingi ni ya manispaa au ya ushirika wa wateja wenyewe, wanaokutana kila mwaka kupitia hesabu na kuchagua bodi. Leo kaya karibu mbili kwa tatu nchini humo zinapata joto kwa njia hii, na Copenhagen ni karibu kila nyumba.

Hata hivyo, kuzuia faida hakukumkinga kila mtu. Katika miaka ya 1990 vijiji kadhaa vya Denmark vilijengewa mitambo midogo ya gesi, na wakazi wakaunganishwa kwa lazima. Gesi ilipopanda, gharama zilikuwa halali kabisa kisheria, na zote zikamwangukia mteja ambaye hakuruhusiwa kujitoa. Palipo na ushirika, hasara nayo ni ya wanachama. Lazima ya kuunganishwa kwa mikataba mipya iliondolewa mwaka 2019, baada ya familia nyingi kulipa kwa miaka mingi.

Nayataja haya kwa sababu Uingereza inakwenda upande ule ambao Denmark imeuacha. Sheria ileile ya 2023 inaruhusu kutengwa kwa maeneo ya England ambako majengo ya aina fulani yatatakiwa kuunganishwa na mtandao wa joto. Nia ni njema: kuvuna joto linalotupwa na viwanda na vituo vya data, pamoja na lile lililomo mitoni, na kuachana na gesi, ili ifikapo 2050 mitandao itoe karibu sehemu moja kwa tano ya joto la nchi. Naiunga mkono nia hiyo. Lakini serikali inayomnyima mtu haki ya kukataa inabeba dhima ya bei atakayotozwa. Ukomo wa bei, au angalau kanuni ya gharama halali na hesabu zilizo wazi kama za Denmark, uwekwe kabla jengo la kwanza halijalazimishwa, na viwango vya mabomba vikaguliwe kabla ukuta haujapigwa plasta. Mitandao ya zamani nayo ipewe fedha za ukarabati kutoka kwa wamiliki na hazina ya serikali, si kutoka kwenye tozo ya kudumu ya mpangaji aliyekwisha kulipia ubovu huo kwa miaka kumi.