Plagi "Imekufa": Istilahi za Kuamua Wakati wa Kuweka Plagi Mpya

Miongoni mwa maneno ya ufundi yaliyokwisha kupata uraia katika Kiswahili, plagi ni mojawapo. Asili yake ni Kiingereza, nalo hutumika kwa vitu viwili: kile kichomekwacho ukutani ili kupata umeme, na kile kifungwacho juu ya silinda ya injini ya petroli ili kutoa cheche. Katika makala haya tunashughulika na hicho cha pili. Hatukusudii kutafuta jina jingine la kifaa chenyewe, kwani lililopo linatosha. Tunakusudia kuonyesha kwamba upungufu umo katika maneno ya kueleza hali yake, na kwamba upungufu huo huwafanya watu waamue vibaya ni wakati gani plagi za gari kuukuu ziondolewe na kuwekwa mpya.

Mifano yetu tumeichagua katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kuugawa Mkoa wa Rukwa, na ambao makao yake makuu ni Mpanda. Kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi; kwenda Tabora ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Gari likizimika katika njia hizo, dereva huwa mbali na duka la vipuri, na pengine mbali na watu pia. Mahali kama hapo, neno lisilo wazi katika kitabu cha matengenezo au katika fomu ya kuombea vipuri si jambo dogo.

Plagi hufanyaje kazi?

Katikati ya plagi umo ufito wa metali uitwao elektrodi ya kati. Ufito huo umezungukwa na kihami cha kauri nyeupe, na nje yake kuna gamba la chuma lenye hesi za kufungia, ambalo ndilo lililoishika elektrodi ya pembeni. Baina ya elektrodi hizo mbili pana mwanya mdogo, aghalabu wa milimita 0.7 hadi 1.1. Umeme wa volti maelfu mengi hutoka katika koili, ukauruka mwanya huo, na cheche inayopatikana ikawasha mchanganyiko wa petroli na hewa.

Katika injini ya mipigo minne, plagi hutoa cheche moja kila injini inapozunguka mara mbili. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,250 katika dakika hiyo. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kilomita 30,000 ni kazi ya saa 500, yaani cheche zipatazo milioni 37 kwa kila plagi. Kila cheche hula chembe ya metali. Basi kingo za elektrodi huviringika, mwanya hupanuka, na umeme wa kuuruka hutakiwa uwe mkubwa zaidi. Mwishowe cheche nyingine hukosekana, na hapo ndipo mafundi husema kuwa injini inamisi: hutetemeka, hupungua nguvu, huwaka kwa shida asubuhi, na hula petroli nyingi.

Hali nne chini ya neno moja

Mafundi wetu hupenda kusema, "plagi imekufa." Ni usemi hai wa karakana, wala hatuukatai. Lakini umefunika hali nne ambazo dawa zake si moja, na kwa ajili ya maandishi tunapendekeza zitengwe hivi.

Kwanza, plagi iliyochakaa. Hii ni ile ambayo elektrodi zake zimelika kwa kazi ya kawaida. Rangi yake ni ya kahawia hafifu au kijivu, dalili ya kwamba mwako ni mzuri. Plagi hii haina kosa. Imemaliza muda wake, na dawa yake ni kuweka mpya.

Pili, plagi iliyochafuka. Ikiwa ina masizi makavu meusi, petroli inazidi hewa. Huenda chujio la hewa limezibwa na vumbi, jambo la kawaida katika barabara za udongo wakati wa kiangazi. Ikiwa imelowa oili, huenda ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Aliyeweka plagi mpya bila kutazama chujio au ringi amenunua siku chache tu, kwani nazo zitachafuka vivyo hivyo.

Tatu, plagi iliyoungua. Kihami huwa cheupe mno, pengine chenye malengelenge, na elektrodi huonyesha dalili za kuyeyuka. Hiyo ni ishara ya joto kupita kiasi: hewa imezidi petroli, injini haipozwi vizuri, au plagi iliyofungwa si ya aina iliyotakiwa. Hapa kuweka mpya hakutoshi; sababu isipoondolewa, pistoni yenyewe imo hatarini.

Nne, plagi iliyopasuka, yaani ambayo kihami chake kina ufa. Umeme huvuja kabla ya kufika kwenye mwanya. Hii haisafishwi wala hairekebishwi, hata ikiwa ilifungwa jana.

Kwa sababu hiyo, plagi zikifunguliwa zipangwe kwa kufuata mpango wa silinda. Zote zikiwa na dosari moja, sababu ni ya injini nzima, kama vile chujio la hewa. Moja ikitofautiana na wenzake, tatizo limo katika silinda ile, au katika waya unaoihudumia.

Kilomita na saa

Plagi za kawaida, zenye elektrodi za nikeli, huandikiwa muda wa kilomita 20,000 hadi 40,000 hivi. Za platini au iridi huweza kufika 100,000. Lakini takwimu hizi zinadhani gari linakwenda mwendo wa wastani. Katika njia mbovu, hasa wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili, gari huweza kwenda kilomita 30 tu kwa saa. Kilomita zile zile 30,000 zitachukua saa 1,000 badala ya 500, nazo cheche zitazidi sana. Kwa hiyo dereva wa Mpanda aendaye vijijini hana budi kukagua plagi mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Gari kuukuu lina tatizo jingine: aghalabu historia yake haijulikani, hasa lililonunuliwa likiwa limekwisha kutumika ng'ambo. Mita huonyesha kilomita za gari. Haionyeshi umri wa plagi. Njia iliyo salama ni kuweka plagi mpya zote kwa pamoja, kisha kuandika tarehe na kilomita za siku hiyo katika daftari la gari, na kuanza kuhesabu upya kutoka hapo.

Tahadhari kwa wafasiri

Kitenzi badilisha kinahitaji kuangaliwa. Fundi anapotafuta silinda yenye kasoro, huitoa plagi ya silinda ya kwanza akaifunga katika ya pili, na ya pili katika ya kwanza. Huko nako ni kubadilisha. Kitabu kikiandika "badilisha plagi" bila zaidi, msomaji ana haki ya kuelewa hivyo. Tunapendekeza kuandika "weka plagi mpya" pale inapotakiwa mpya, na "hamisha" pale zinapopewa nafasi nyingine. Kagua, safisha na rekebisha mwanya nayo yabaki maagizo matatu mbalimbali. Plagi ya iridi, kwa mfano, hukaguliwa, lakini ncha yake nyembamba haivumilii brashi ya waya.

Kiunganishi au nacho hupotosha. "Kila kilomita 20,000 au miezi 24" humwachia msomaji achague lile limpendezalo. Iandikwe: "kila kilomita 20,000 au kila miezi 24, lolote litakalotangulia."

Kuna pia injini za dizeli, ambazo hutumika katika magari mengi ya kazi. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, bila cheche. Plagi zilizomo katika nyingi ya injini hizo hupasha moto chumba cha mwako wakati wa kuwasha gari. Mfasiri aandike plagi ya cheche na plagi ya joto kila mara zinapoweza kuchanganywa, kwani dalili na vipimo vyake ni tofauti kabisa.

Aidha, Katavi inapakana na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako Kifaransa ndicho lugha rasmi. Fundi aliyesomea huko huweza kuiita plagi kwa neno la Kifaransa bougie, ambalo pia ni mshumaa. Mwenye duka wa Karema au Mpanda anafaa kulijua. Mwandishi wa kitabu cha Tanzania hana haja ya kulitumia.

Fomu ya kuombea vipuri

Haya yote hukutana mezani kwa mtumishi anayeidhinisha matengenezo. Akiletewa maneno "plagi mbovu, zinunuliwe nne," hana njia ya kupima ombi hilo. Akiletewa "plagi nne zimechakaa, mwanya umefika milimita 1.4, zimetumika kilomita 31,000," anajua kwamba fedha inakwenda mahali pake. Na akiletewa "plagi ya silinda ya 3 imechafuka kwa oili, nyingine tatu ni nzima," anajua kwamba plagi nne mpya hazitaponya gari hilo, na kwamba yafaa injini ichunguzwe kabla gari halijapewa safari ya Sumbawanga. Walimu wa ufundi wakiwazoesha wanafunzi wao kuandika namna hiyo tangu darasani, maneno hayo yatafika karakana bila kulazimishwa na mtu.